Mwandikieni Hata Habari ya Bati Linalovuja

Hotuba kwa familia za askari wanaojiandaa kwenda kulinda amani nje ya nchi, Ngamiani, Tanga, Mei 29

Mheshimiwa mwenyekiti, mashehe na wachungaji wetu, wazee, mama zangu, dada zangu, na nyie vijana mliojazana huko nyuma. Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Mwenyekiti ameshaeleza kwa nini tunakutana tarehe hii. Mei 29 mwaka 1948 ndiyo siku Baraza la Usalama lilipoidhinisha waangalizi wa kusimamia usitishaji wa mapigano kule Palestina, na kazi ya kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa ikaanzia hapo. Ya bendera na heshima ya nchi ameyamaliza vizuri, siyarudii. Mimi ni mama wa hapa hapa, mzaliwa wa Makorora, sajinitaji mstaafu wa Jeshi la Wananchi. Nimevaa kofia ya buluu ya walinda amani Darfur, nchini Sudan, upande wa kusini, kambi ya Khor Abeche, enzi za ile operesheni ya pamoja ya Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika iliyoundwa mwaka 2007 na kufungwa mwishoni mwa 2020. Pamoja na kazi nyingine nilizopangiwa, nilikuwa napokea mfuko wa barua na vifurushi vya kombania, naupanga, naugawa. Kwa hiyo nimeona kwa macho yangu nani anaandikiwa na nani haandikiwi, na kila mmoja anakuwaje baada ya miezi kupita.

Watoto wenu, waume zenu na wake zenu wanaondoka karibuni. Nina jambo moja la kuwaambia. Mwandikieni. Na mkikaa kumwandikia, mwandikieni mambo madogo.

Naona kule nyuma mnatazamana. Barua, zama hizi? Simu si ipo?

Simu ipo, na siipingi. Nilipokuwa Khor Abeche, usiku ambao mtandao ulikubali niliipiga simu nyumbani nikamshukuru Mungu. Lakini nawaomba mfikirie simu ya askari inavyokwenda. Kwanza kuna foleni, au kuna kilima kidogo ambako watu wamegundua kuwa mawimbi yanafika, na wote mpo pale na kila mtu anapaza sauti. Dakika mbili za mwanzo ni "Haloo, wanisikia? Sasa je?" Kisha yanaingia yale yaliyomsubiri: ada ya shule imefika, mwenye nyumba kaja mara ya pili, binamu anaoa na mchango wetu haujatoka, mama presha imepanda. Haya yote ni ya kweli na lazima ayajue. Halafu mtandao unakata. Askari anarudi hemani akiwa anajua kila kitu cha nyumbani kinachohitaji fedha, na hajui chochote kingine. Hajui mtoto amejifunza neno gani jipya. Hajui ule mlimao wa uani umezaa au umekauka. Nyumba yake mwenyewe imegeuka orodha ya madeni.

Hilo ndilo nililoliona likiwala watu. Bunduki tumeizoea, jua tumelizoea, vumbi la Darfur linaingia mpaka kwenye meno nalo tukalizoea. Kilichomnyong'onyeza askari ni kuhisi kwamba maisha ya nyumbani yanaendelea bila yeye, na kwamba yeye anatafutwa kukiwa na shida tu.

Sasa niwaeleze mfuko ulivyokuwa unatufikia, maana wengi mnadhani ukishatumbukiza bahasha basi wiki ijayo anaisoma. Barua za kwetu zilikusanywa kikosini hapa nyumbani, zikafungwa kwenye mfuko, zikasubiri safari. Safari yenyewe ilikuwa ya ndege inayobeba watu wanaopishana zamu, au ofisa anayekuja kwa kazi. Ndege ilitua Nyala, mji mkubwa wa Darfur Kusini. Kutoka Nyala mfuko ulipanda helikopta kama kuna nafasi, na helikopta kwanza hubeba mgonjwa, hubeba dawa, hubeba vipuri. Barua hazina cheo kwenye helikopta. La sivyo ulikuja na msafara wa magari kwa barabara ya mchanga.

Na barabara ile mjue kuna miezi haipitiki. Kuanzia Juni mpaka Septemba mvua zao zinanyesha. Ile mito mikavu wanayoiita wadi, ambayo miezi mingine unaikatiza kwa miguu na viatu havilowi, inajaa kwa saa chache na kuchukua kila kitu. Msafara unasimama ng'ambo unangoja maji yapungue. Hata simu ya upepo ikituambia kwamba mfuko umeshafika Nyala, inabidi tungoje. Nimeona watu wazima, wanaume wenye ndevu, wakija kuniuliza asubuhi na jioni, "Sajini, wadi imeshuka?"

Mfuko ukifika sikuufungua mbele ya watu. Niliupanga kwanza peke yangu, kwa platuni, kwa majina, ndipo naita. Nilijifunza kufanya hivyo kwa ajili ya wale wasiokuwa na kitu, ili nijue mapema ni nani na nani, nimtafute mmoja mmoja nimpe kazi ya kunisaidia kubeba vifurushi wakati wenzake wanafungua bahasha. Mtu asiyeandikiwa hasemi. Atacheka na wenzake, atauliza habari za mke wa mwenzake. Lakini nikipita lindo usiku ninamjua.

Nikupeni mfano mmoja wa barua ambayo sitaisahau. Koplo mmoja wa platuni yetu, mtu wa Lushoto, jitu la miraba minne, alipata bahasha nyembamba. Mkewe si mtu wa kuandika. Alichofanya ni kuchana karatasi ya daftari la shule, ya mistari, akamsimamisha mtoto juu yake na kuuzungushia mguu kalamu ya buluu. Mtoto alikuwa na haraka, maana mstari uliteleza pale kwenye kidole kidogo. Ndani ya ule unyayo mama akaandika: "Sasa miguu yake ni hii. Vile viatu ulivyonunua kavirithi mtoto wa dada." Hakuna neno lingine. Koplo yule aliuweka ule unyayo juu ya kiganja chake, akautazama, akaenda kumwonyesha mpishi, akaenda kumwonyesha kamanda wa platuni. Kisha akaitia karatasi kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka mfuko wa shati. Tulipopata ruhusa ya kwenda Nyala kununua mahitaji, alisimama sokoni kwa muuza ndala, akaitoa ile karatasi na kuilaza juu ya kiatu kimoja baada ya kingine mpaka kimoja kikaenea.

Mnaona? Mke wake hakumwambia "piga moyo konde." Hakumwambia "tunakuombea." Dua ni njema, msiache kumwombea. Lakini kilichomfikia yule mtu kilikuwa kazi ya baba: kununua kiatu cha kumtosha mwanawe, huku yuko Darfur.

Na mimi mwenyewe nilikuwa na barua zangu. Watoto wangu niliwaacha kwa mama yangu. Mama alisoma chuo cha Kurani enzi zake, hakukaa kwenye dawati la shule, kwa hiyo Kiswahili anakiandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wengi wa pwani hii. Nami kwa kuwa alinipeleka chuo kabla ya shule, nazisoma. Siku moja nimekaa nje ya hema na karatasi yake, mkalimani wetu Msudani akapita, akaona mwandiko, akashangaa, akaomba aisome. Akaanza kwa sauti nzuri ya msomaji. Herufi za p na ch, zile ambazo Kiarabu hakina na wazee wetu waliziongezea nukta, zikamkwaza kidogo, lakini akaendelea. Haelewi anachosoma, isipokuwa hapa na pale salamu, habari, afya. Askari wakakusanyika. Wakamsikia Msudani wa Darfur akiwasomea, kwa sauti ya juu, kwamba kuku wa Bi mkubwa wa nyumba ya tatu ameingia tena jikoni kwetu akala mchele, na kwamba bati la pembeni linavuja lakini mjomba amekwishapanda na lami akaziba, na kwamba mwanangu wa pili amekataa kula samaki tangu Jumanne bila sababu. Watu waliomba asome tena. Mmoja wao si mtu wa pwani kabisa, kwao ni Rukwa, akaniambia, "Sajini, leo nimefika kwenu."

Lile bati ndilo ninalotaka mlishike. Kuna mtu ataniambia: sajini, wewe mwenyewe umesema simu imejaa shida, sasa bati linalovuja si shida? Ni shida. Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ukimwambia askari aliye Kongo au Afrika ya Kati kwamba bati linavuja, ukaishia hapo, umempa nyoka na fimbo haimfikii. Atalala na hilo bati kichwani, mvua ikinyesha kule alipo atakuwa anahesabu matone ya kwake. Mama yangu alijua. Aliniambia bati linavuja na mjomba ameziba. Shida niliipata, na dawa yake niliipata, katika mstari ule ule. Nikabaki najua hali ya nyumba yangu, nikamshukuru mjomba kwenye jibu langu, mjomba naye akafurahi kushukuriwa. Basi fanyeni hivyo. Tatizo lililokwisha, mwandikie jinsi lilivyokwisha. Tatizo linaloweza kungoja, mwombe shauri: tukipaka rangi ukuta wa mbele, unataka rangi gani? Mtoto wa kwanza aende shule ipi ya sekondari, wewe waonaje? Mpe la kuamua. Asiwe mtu wa kutuma hela tu. Na shida ya dharura, ile ya leo leo, hiyo ndiyo ya simu.

Nimewaona waliorudi bila kuandikiwa. Mtu anashuka na begi, nyumba imejaa watu, nyama imepikwa, na yeye amekaa kwenye kiti cha wageni. Anauliza bafu liko wapi kwa sababu limehamishwa na hakuna aliyemwambia. Mtoto anamwangalia mama yake kabla ya kumjibu baba. Anasikia jirani ametajwa, anauliza hali yake, kumbe alizikwa mwaka jana. Hakuna aliyemkosea makusudi. Kila mmoja alifikiri ni mambo madogo, ya nini kumsumbua mtu aliye kazini. Na wengine wanachukua muda mrefu sana kutoka kwenye kile kiti cha wageni. Wengine hawatoki, ndoa inafia hapo. Ninalisema hili mbele ya wazee kwa sababu nimelishuhudia, na linazuilika.

Mwandikie basi. Matokeo ya Wagosi wa Kaya, timu yetu ya Coastal Union, atayapata kwenye simu kabla yako, usihangaike nayo. Mwambie ni nani aliyekaa kwenye nafasi yake pale uwanjani Mkwakwani, na alimtukana refa vipi. Mwambie samaki wamepanda bei Deep Sea na kwamba siku hizi mnakula mchicha kwa nazi mara nyingi zaidi. Mwambie machungwa ya Muheza yameanza kushuka. Mwambie nani kachaguliwa mjumbe, nani kaacha pombe, shehe alitoa hotuba gani Ijumaa, kwaya imenunua kinanda. Mwandikie hata siku ambayo hakuna kilichotokea. Hiyo ndiyo siku anayoitamani kuliko zote.

Asiyejua kuandika asijione kapungukiwa. Wazee wetu wa Keya, lile jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni, waliopelekwa vitani Bama mwaka 1944 wengi wao waliandikiwa na makarani na wenzao waliosoma, na nyumbani pakatafutwa mtu wa kusoma. Na tena barua zao zilikuwa zinafunguliwa na kusomwa na maofisa wa Kiingereza kabla hazijafika. Nyie hamko huko. Ule mkataba wa mfano ambao Umoja wa Mataifa umekuwa ukiufuata tangu mwaka 1990 katika kuelewana na nchi mwenyeji unasema wazi kwamba walinda amani wana haki ya kupanga usafirishaji wa barua zao binafsi kwa njia zao wenyewe, na serikali ya nchi mwenyeji haiwezi kuziingilia wala kuzichuja. Ni haki iliyoandikwa. Wenzetu wengine waliichukulia kwa uzito tangu mapema zaidi: India ilipopeleka jeshi Kongo, posta yao ya jeshi ilikwenda nao, na mwaka 1962 wakatoa stempu zao wenyewe zilizopigwa chapa ya kikosi cha Umoja wa Mataifa huko Kongo. Mwaka 1965 wakafanya vivyo hivyo kwa askari wao waliokuwa Gaza. Mtu hutoa stempu kwa jambo analoliheshimu. Ningependa siku moja na sisi tufike hapo.

Kwa asiyeandika, basi, mtoto wa darasa la tano aandike, wewe useme. Au mrekodie sauti. Sauti ya WhatsApp nayo ni barua nzuri, mradi usiijaze shida tupu. Kaa chini, sema polepole, acha majogoo yasikike nyuma. Ila mjue kwamba mtandao si wa kila kambi, na simu huisha chaji, na kuna saa ambazo askari haruhusiwi kuwa nayo. Karatasi anaisoma wakati wowote kuna mwanga.

Yapo mambo machache ya utaratibu, nayo nitayapitia haraka.

Kila barua iandikeni tarehe juu, na ipeni namba: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hili msilidharau. Mifuko inapishana njiani. Nimemwona askari akipokea barua inayosema "mtoto sasa hajambo kabisa, anacheza" akashangaa, mtoto aliumwa lini? Wiki tatu baadaye inafika ile ya mwanzo inayosema mtoto amelazwa hospitali ya Bombo na hali si nzuri. Anajua kwamba amepona, ameshaambiwa. Lakini mikono inatetemeka hivyo hivyo. Kungekuwa na namba juu, angejua kuna barua iliyopotea katikati na angejiandaa.

Juu ya bahasha andikeni namba ya jeshi, cheo, jina kamili na kikosi, kwa anwani mtakayopewa kikosini, si kwa anwani mliyoisikia kwa jirani. Kila operesheni ina njia yake.

Kwenye kifurushi msitie kitu cha majimaji kinachoweza kupasuka, wala marashi yenye spiriti, wala kiberiti cha gesi, wala betri zisizo ndani ya kifaa. Hivyo havipandi ndege. Mafuta ya nazi kwenye chupa ya soda nimeyapokea, au tuseme nimepokea barua za watu kumi na wawili zilizolowa mafuta ya nazi ya mmoja. Ng'onda, samaki wa kukausha, msitume. Najua mapenzi yaliyomo, lakini mfuko unaweza kukaa njiani kwenye joto siku nyingi, na harufu haikai kwenye kifurushi kimoja. Tumeni kashata kavu, ubuyu, karanga zilizokaangwa, majani ya chai, picha zilizosafishwa. Picha msiache. Ya kwenye simu hupotea na simu.

Kwenye barua msimwulize anakwenda wapi kesho, wako wangapi, wanalinda nini. Akikujibu amekosa, asipokujibu utadhani anakuficha. Wala msitangaze mitandaoni aliyowaambia.

Sasa lipo la habari nzito, na hapa nitakaa kidogo.

Julai 13 mwaka 2013, Ramadhani ikiwa na siku chache tu tangu iingie, doria yetu ilishambuliwa si mbali na Khor Abeche. Walinda amani 7 wa Tanzania waliuawa, na wengine 17, askari na polisi, wakajeruhiwa. Desemba 7 mwaka 2017 kambi yetu ya Semuliki, mashariki ya Kongo, ikashambuliwa, tukapoteza vijana 15. Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Siku kama hizo habari hukimbia kuliko ukweli. Picha zinarushwa, majina yanatajwa, mengine siyo. Mama anapigiwa na mtu asiyemjua akiambiwa mwanao ameondoka, kumbe mwanawe yuko salama na hana mtandao wa kusema hivyo. Na mama mwingine anaambiwa usijali, wako hayumo, kumbe yumo.

Ninawaomba kwa heshima yenu: jina la askari msilitaje na msilirushe mpaka jeshi limefika mlangoni kwa wenyewe. Kila familia leo iondoke na namba ya kikosi na jina la ofisa wa kumwuliza, iandikwe mahali inapoonekana, si kwenye simu ya mtu mmoja. Ikitokea taharuki, piga hapo kwanza. Usimpigie askari mfululizo. Yeye huenda yuko kazini na simu imezimwa kwa amri, na kila saa anayokaa kimya ninyi mtazidi kuumia bila sababu.

Na msiba ukitokea huku nyumbani, Mungu aepushe, usimwandikie barua. Barua inaweza kumfikia wakati arobaini imeshapita, au ikamfikia akiwa peke yake lindo. Usimtumie ujumbe usiku kwenye simu. Nenda kikosini, waambie, ili kamanda wake kule amwite, amkalishe, awepo mtu wa dini yake kama yupo, awepo rafiki wa kulala naye hema moja usiku ule. Baada ya hapo ndipo umwandikie. Na hapo mwandikie kwa kirefu: mgonjwa alilala lini, alisema nini, nani aliosha, nani aliingia kaburini, mvua ilinyesha au jua liliwaka. Aliyekosa maziko anataka kuyajua yote. Mimi baba yangu mdogo alizikwa nikiwa Darfur. Mama aliniandikia kurasa sita za herufi zake, mpaka na nani alileta maji. Nilizisoma mpaka nikajiona nami nilikuwapo.

Mkiandikiwa nanyi, zitunzeni. Tanga tuna mfano wetu wenyewe. Shaaban Robert, mtoto wa Machui hapo jirani, alipokuwa akihamishwa kituo kimoja baada ya kingine kwa kazi ya serikali, alikuwa akimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge. Barua za tangu mwaka 1931 mpaka 1958 zipo, zimechapishwa, tunazisoma leo, kwa sababu Yusuf Ulenge hakuzitupa. Mtu maarufu ameandika, sawa. Lakini kaka alikuwa anamwandikia mdogo wake mambo ya familia na kazi. Sanduku la bati chini ya kitanda linatosha. Watoto wenu watataka kujua siku moja baba alikuwa anafikiri nini alipokuwa mbali.

Na jibuni alichouliza. Hili nawaambia kwa niaba yao. Askari akiuliza kwenye barua, "ule mchungwa niliopanda umeshika?" msimjibu kwamba wote hamjambo. Nendeni mkautazame mchungwa.

Nimeongea na karani wa kikosi, yuko pale mlangoni upande wa kulia na meza. Ana anwani sahihi, ana namba ya ofisa wa kuulizwa, na ana bahasha ambazo wanawake wa mtaa huu wamezinunua kwa mchango wao, Mungu awalipe. Askari wanaondoka wakiwa na mfuko mmoja wa barua wa kufunguliwa wakishafika, ili mtu asikae kule miezi ya mwanzo bila kitu. Mfuko unafungwa keshokutwa saa kumi jioni. Asiye na kalamu aje kwangu, asiyeona vizuri aje kwangu, nitakaa pale baada ya sala ya Alasiri leo na kesho, nawe utasema na mimi nitaandika, kwa herufi zozote unazozitaka. Watoto waje na miguu yao.

Mwenye swali aulize.